Nani Afunguaye Koki?
Habari za Gesi ya Uingereza

Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilikutana kubishania neno hili: kwamba vitu ambavyo watu wote huvihitaji, kama vile maji, umeme na gesi, havifai kuachiwa wafanya biashara. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilitoa mfano wa Uingereza, nikasema kwa sauti kubwa kwamba huko gesi huletwa na makampuni mengi yanayoshindana, wala hakuna mtu mmoja anayeamrisha, na kila nyumba hupata moto wake. Ndipo ndugu mmoja wa kidato cha chini aliposimama akauliza: "Bwana Mwenyekiti, ikiwa hakuna anayeamrisha, nani afunguaye koki asubuhi?" Watu wakacheka. Mimi sikuwa na jibu. Tulishindwa kwa kura nyingi, na kwa haki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na Mwalimu wetu wa Fizikia amenisaidia sana kwa vitabu vyake na kwa uvumilivu wake. Namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi nimjibu ndugu yangu, ingawa nimechelewa.

Kwanza yafaa tujue gesi hii ni nini. Ni hewa iwakayo, itokayo chini ya ardhi au chini ya bahari, na sehemu yake kubwa ni methani. Haina rangi wala harufu. Ile harufu mbaya ambayo watu huijua ni dawa iliyotiwa kwa makusudi, ili gesi ikivuja watu wapate kuitambua. Katika Uingereza yapata nyumba nne katika kila tano hupashwa joto kwa gesi hii, na baridi ya huko si ya mchezo. Mzee aliye peke yake akikosa moto siku kadha katika mwezi wa Januari huweza kufa. (Ninaposema Uingereza nakusudia kisiwa kile kikubwa chenye England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina mabomba yake.)

Wote waliolala katika mabweni yetu wanajua habari ya tangi la maji. Liko juu ya kilima, na bomba moja linateremka mpaka shuleni. Saa kumi na mbili asubuhi bweni la chini hufungua mifereji yote kwa pamoja, na sisi wa bweni la juu twasikia bomba likikohoa tu. Maji yamo tangini tele. Kilichopungua ni msukumo. Gesi nayo ina tabia hiyo hiyo. Ikitumika upesi kuliko inavyoingizwa, msukumo hushuka, na wanaoumia kwanza ni wale walio mwisho wa bomba.

Lakini ubaya wa gesi ni zaidi ya ule wa maji. Maji yakirudi, unanawa, basi. Umeme ukirudi, taa zawaka zenyewe. Gesi ikikatika katika mtaa mzima haiwezi kurudishwa hivi hivi, maana huenda mtu ameacha jiko wazi, na huenda hewa ya kawaida imeingia bombani ikachanganyika na gesi, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Hapana budi mafundi waende nyumba kwa nyumba kufunga koki iliyo karibu na mita, kisha wasafishe mabomba, wajaze gesi upya, halafu warudi tena nyumba kwa nyumba kufungua na kuwasha. Mwezi wa Desemba 2022, katika vitongoji vya Stannington na Hillsborough mjini Sheffield, bomba kubwa la maji lilipasuka na maji yakaingia ndani ya mabomba ya gesi. Nyumba zipatazo 2,000 zilikosa gesi wakati wa barafu, na nyingine zilingoja zaidi ya wiki moja. Hizo zilikuwa nyumba 2,000 tu. Sasa fikiri habari ya mji kama Manchester! Ndiyo sababu kazi yote nitakayoieleza hapa ina shabaha moja iliyo mbele ya nyingine zote: msukumo katika mabomba ya nyumba za watu usishuke kamwe.

Historia yake nitaipitia mbio. Zamani gesi ilipikwa kwa makaa ya mawe, kila mji na kiwanda chake. London ilianza mapema sana. Kampuni ya kwanza ilipata hati yake mwaka 1812. Mwaka 1949 serikali iliyatwaa makampuni na viwanda vyote, vilivyopita 1,000 kwa hesabu, ikavigawa katika bodi 12 za mikoa. Hata hivyo nchi haikuwa na mtandao mmoja. Mtandao ulianzia mahali ambapo mtu asingedhani: gesi iliyogandishwa kwa baridi kali mpaka ikawa maji, ikaletwa na meli kutoka Marekani hadi Canvey Island mwaka 1959 kwa majaribio, na kutoka Algeria tangu mwaka 1964 kwa biashara. Ili kuigawa gesi hiyo Waingereza walilaza bomba refu toka Canvey mpaka upande wa Leeds. Mara tu baadaye, mwaka 1965, gesi ikavumbuliwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Furaha hiyo ilikuwa na msiba ndani yake, kwani chombo kilichoivumbua, Sea Gem, kilizama Desemba mwaka ule ule, wakafa watu 13. Gesi yenyewe ilifika pwani, mahali paitwapo Easington, mwaka 1967.

Gesi ya baharini haiwaki sawasawa katika jiko lililotengenezwa kwa gesi ya makaa. Basi kwa miaka 10, toka 1967 hadi 1977, mafundi waliingia katika nyumba na majengo yapata milioni 13, mtaa baada ya mtaa, wakibadilisha vichwa vya majiko na mitambo ya joto. Naona hii ni kazi kubwa kuliko kujenga daraja lolote, ila haina picha katika vitabu vyetu.

Sasa tuje kwenye mabomba. Yale makubwa ya taifa ni kama kilomita 7,600 kwa urefu. Gesi huingia kutoka pwani: St Fergus kule Scotland, Easington, Bacton, Isle of Grain, na Milford Haven katika Wales, ambako meli kubwa zilianza kushusha gesi ya Qatar mwaka 2009. Bomba moja, Langeled, linatoka Norway chini ya bahari, kilomita 1,166. Ndani ya mabomba hayo makubwa msukumo hufikia bar 85, na mahali pengine hupita hapo. Hewa tunayoivuta hapa duniani inatusukuma kwa bar 1 tu, kwa hiyo msomaji aweza kukisia nguvu iliyomo. Njiani vipo vituo zaidi ya 20 vyenye mashine za kuisukuma gesi isonge mbele. Ikifika karibu na miji hupunguzwa nguvu, ikapunguzwa tena na tena, hata ikifika jikoni nguvu yake juu ya ile ya hewa ya nje ni kidogo sana, sehemu 2 hivi katika 100 za bar moja.

Gesi haiendi mbio kama umeme. Mwendo wake bombani ni kama kilomita 40 kwa saa, yaani basi la kijijini lingeweza kuipita kama halisimami kila kibanda. Kwa hiyo gesi iliyoingia St Fergus asubuhi haitapika chai ya London asubuhi hiyo. Inakuwaje basi watu milioni nyingi wakiamka pamoja na kuwasha moto pamoja, moto unapatikana? Jibu ni kwamba bomba lenyewe ni ghala. Gesi hukubali kubanwa. Usiku watu wamelala, gesi inaendelea kuingia, mabomba yanajaa na msukumo unapanda. Alfajiri watu wanaamka, wanakula akiba ile, na msukumo unashuka. Mchana yanajazwa tena kabla ya jioni. Umeme lazima usawazishwe kila nukta ya saa, lakini gesi inakuvumilia saa kadha. Zamani miji ilikuwa pia na matangi makubwa ya chuma yaliyopanda na kushuka, na wanaopenda kriketi wameyaona mifupa yake katika picha za uwanja wa Oval, London.

Hapo ndipo lilipo swali la ndugu yangu. Mabomba ni ya kampuni moja, ambayo tangu 2023 huitwa National Gas, na watu wake wanakaa Warwick mchana na usiku wakitazama msukumo wa nchi nzima. Lakini gesi iliyomo si yao. Ni ya wafanya biashara wengi, ambao hununua kwa wachimbaji na wenye meli, wakalipia njia, wakauza kwa viwanda, kwa mitambo ya umeme, na kwa makampuni ya kuuzia nyumba. Siku ya gesi huanza saa kumi na moja alfajiri na kwisha saa kumi na moja alfajiri ya pili. Kila mfanya biashara hueleza mapema ataingiza kiasi gani na wateja wake watatoa kiasi gani, na siku ikiisha hesabu yake yapasa iwe sawa. Akiwa ameingiza pungufu, atatozwa upungufu ule kwa bei mbaya kuliko ya soko. Akiwa ameingiza kupita kiasi, ziada yake itanunuliwa kwa bei mbaya vile vile. Basi kila mmoja anajitahidi kujisawazisha mwenyewe kwa kuogopa hasara. Watu wa Warwick huendesha mashine na koki za mabomba yao, na wakiona jumla ya nchi inaelekea kupungua au kuzidi, huingia sokoni siku ile ile wakanunua au wakauza kidogo, kile kilichobaki tu.

Jambo la kuchekesha ni hili: mita za nyumba nyingi hazikutengenezwa kusomwa kila siku. Mwenye kuuzia nyumba hukadiriwa matumizi yao kwa hesabu inayofuata hali ya hewa. Theluji ikianguka bila kutazamiwa, imemwangukia mfukoni.

Kwa hiyo nilisema kweli nusu. Hakuna mmoja anayeamrisha gesi yote iingie, lakini yuko anayelinda msukumo, na nyuma yake ipo sheria. Kampuni ya mabomba makubwa imefungwa na leseni yake kujenga mtandao unaotosha siku ya baridi kali ambayo kwa kawaida hutokea mara moja tu katika miaka 20. Siku kama hizo za baridi nchi huweza kutumia zaidi ya mita za ujazo milioni 400. Na gesi isipotosha hata hivyo, utaratibu wa kukata umeandikwa zamani: mitambo ya umeme na viwanda vikubwa hutangulia kunyimwa, nyumba za watu huwa za mwisho. Sababu mmeisikia katika habari ya Sheffield. Kiwanda kikubwa hukatwa kwa simu moja na kuwashwa kwa simu moja.

Serikali inasimama wapi? Sheria ya Gesi ya mwaka 1986 iliiuza kampuni ya taifa, British Gas, kwa watu binafsi, mabomba na wateja na kila kitu, ikawa pekee iliyouzia nyumba za watu. Ili isiwakamue, iliwekwa ofisi ya kuisimamia, Ofgas, ambayo mwaka 1999 iliunganishwa na ile ya umeme ikawa Ofgem. Kanuni ya kwanza ilikuwa rahisi kuieleza: ukiacha bei ya gesi yenyewe, malipo yaliruhusiwa kupanda kila mwaka kwa kadiri ya kupanda kwa gharama za maisha, toa sehemu 2 katika 100. Gharama zikipanda 5, wewe panda 3; kilichobaki kipate kwa kufanya kazi vizuri zaidi. Mashindano ya kuuzia nyumba zote yalikamilika mwaka 1998, baada ya kampuni ile kugawanywa mwaka 1997, mabomba upande huu na uuzaji upande huu. Mpaka leo bei ya njia ya mabomba husimamiwa na Ofgem, maana hakuna mtu atakayelaza bomba la pili katika mtaa huo huo ili ashindane. Hapa rafiki zangu wa upande wa pili walikuwa na haki kabisa, nami sikulijua.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 1 Machi 2018. Upepo wa barafu ulivuma kutoka mashariki, mitambo kadha ya kuleta gesi ikaharibika kwa baridi, na watu wakawasha moto kuliko kawaida. Asubuhi Warwick walitoa onyo kwa wafanya biashara wote kwamba gesi ya siku ile haitatosha. Bei ya soko ikaruka. Kwa kufuata bei hiyo, matangi ya gesi ya meli yakafunguliwa, viwanda vingine vikapunguza kazi, umeme mwingi ukatengenezwa kwa makaa ya mawe badala ya gesi. Hakuna mji ulionyimwa gesi kwa upungufu ule. Wala hakukuwa na waziri aliyepiga simu kuamrisha lolote la hayo. Kama ningalijua habari hii siku ya majadiliano ningaliitumia, na huenda ningalipata kura tatu zaidi.

Lakini mwenye kusoma kwa haki lazima asome ukurasa wa pili. Mwaka mmoja kabla ya baridi ile, mwaka 2017, mwenye ghala kubwa la gesi liitwalo Rough alitangaza kulifunga. Rough ni mwamba chini ya Bahari ya Kaskazini, uliotolewa gesi zamani, kisha ukatumika kuwekea gesi ya kiangazi ingojee baridi. Liliweza kuchukua karibu sehemu 7 katika 10 za akiba yote ya nchi. Visima vyake vilikuwa vimezeeka, na matengenezo yangegharimu fedha nyingi. Faida ya ghala hutokana na tofauti ya bei kati ya kiangazi na baridi, na miaka ile tofauti ilikuwa ndogo. Hesabu ya mwenye duka ilikuwa sahihi. Lakini mwaka 2021 bei za Ulaya zilianza kupanda, na mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine zikapanda kupita zote zilizopata kuonekana. Makampuni yapatayo 30 ya kuuzia nyumba yalianguka. Mengi yalikuwa yameahidi bei bila kununua gesi ya mbele, na bei ya juu kabisa waliyoruhusiwa kutoza nyumba, iliyowekwa na sheria tangu Januari 2019, ilikuwa chini ya gharama yao. Gharama za kuwahamisha wateja wao zikagawanywa kwa watu wote. Serikali nayo ililazimika kulipa sehemu ya gharama ya kila nyumba. Oktoba 2022 ghala la Rough likafunguliwa tena, kwa sehemu ndogo.

Baada ya kuyasoma haya nimebadili maneno yangu, ingawa sijahamia upande wa pili. Naona bei ni mtumishi hodari wa leo na kesho. Ilijaza mabomba siku ile ya Machi upesi kuliko ambavyo bodi yoyote ingalikutana. Ila kwa ghala litakalohitajiwa mara moja katika miaka 10, bei haitoshi. Pale lazima mtu aandikwe kwa sheria kwamba hili ni jukumu lake, na alipwe hata miaka ambayo ghala halikutumika. Wapo watakaosema huo ni upotevu wa fedha. Shule yetu imenunua ndoo nyekundu za mchanga kwa ajili ya moto, na hakuna aliyepata kulalamika kwamba hazijatumika.

Mtu aweza kuuliza, haya yatuhusu nini sisi tupikao kwa kuni na mkaa? Majirani zetu Tanzania wamepeleka gesi ya Songo Songo Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na bomba la pili, toka Mtwara, likamalizwa 2015. Sehemu kubwa ya gesi hiyo hutengeneza umeme, kwa hiyo wateja wakubwa ni wachache, na kusawazisha ni jambo la watu wachache kuzungumza. Nyumba zikizidi, hesabu itageuka, kwa sababu nyumba ndizo zisizoweza kukatwa kwa simu. Na mwezi wa Novemba 2023 Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano ya kuchunguza kama bomba la gesi laweza kuletwa mpaka huku. Huku ndiko tutakuwa mwisho wa bomba. Sisi wa bweni la juu twajua maana yake.

Ndugu yule aliyeniuliza swali sasa amechaguliwa kuwa katibu wa Chama. Nilimwonyesha karatasi hizi kabla ya kumpa Mhariri. Alisoma kimya mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani atakayelipia ghala letu, kama bomba likija: sisi, au wale walio mwanzo wa bomba? Nilimwambia angoje muhula ujao. Wanafunzi wa zamani walio katika kazi za mabomba, nimesikia kwamba wapo, wakiona nimekosea mahali tafadhali wamwandikie Mhariri, naye atanipa barua zao.